Mlango Ukigoma Kufunga: Juu ya Kumpokea Aliyerudi Kundini

Masomo: Matendo ya Mitume 9:26–28, Waraka wa Paulo kwa Filemoni, Luka 15:25–32

Katika makanisa yetu mengi, mtu aliyeanguka na kuwekwa chini ya nidhamu ya kanisa hurudishwa kwa utaratibu unaojulikana. Huonana na mchungaji na wazee, hukiri, hufundishwa, na Jumapili iliyopangwa husimama mbele ya waumini. Jina lake hutajwa, maombi hufanyika, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi hujibu kwamba tumempokea. Vigelegele hupigwa. Kisha ibada inaendelea, matangazo yanasomwa, na kila mtu anakwenda nyumbani kwake.

Swali la makala haya linaanza Jumapili inayofuata. Aliyerudi anaingia kanisani na hajui akae wapi. Benchi lake la zamani limejaa. Kwaya imekwisha kumpata mwingine wa sauti yake. Akibisha hodi kwenye ibada ya nyumbani, maongezi yanakatika. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemtamkia neno baya, lakini hakai. Baada ya miezi michache anaanza kukosa ibada, na sisi tunaambiana, "Tulijua tu, hakuwa ametubu kwa kweli." Je, tunatenda haki tunaposema hivyo? Mtu aliyesamehewa akishindwa kukaa mahali pake kati yetu, kasoro tuitafute kwake peke yake, au na kwetu pia?

Paulo anapowaandikia Waefeso, katika sura ya 4, anaufananisha ushirika wa waamini na mwili ulioshikamana kwa viungo vyake, kila kiungo kikitoa sehemu yake. Viungo vya mwili vimefichwa chini ya ngozi, hatuvioni vikiungwa. Viungo vya gari tunaviona. Yeyote aliyepita karibu na gereji pale Mpanda mjini amewahi kuona gari limefumuliwa, milango imeegemezwa kwenye mwembe na boneti imelazwa juu ya matairi mabovu. Basi tuanzie hapo gereji, kisha turudi kanisani.

Gari linaloungwa kwa nati

Wazee wetu waliijua Land Rover kama gari la misheni, la bwana shamba, la mkuu wa wilaya na la askari wa wanyamapori. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na Uingereza chuma kilitolewa kwa mgawo, kwa hiyo waliolibuni gari hilo walitengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa alumini, huku fremu ya chini, ambayo mafundi huiita chesisi, ikibaki ya chuma. Jambo la pili ndilo linalotuhusu zaidi. Bodi yake haikuchomelewa ikawa kitu kimoja. Ni vipande vinavyoshikwa kwa nati na bolti: madigadi mbili za mbele, milango, boneti, sanduku la nyuma, na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva.

Kwa sababu hiyo gari hilo liliweza kusafirishwa likiwa vipande ndani ya makasha na kuungwa mbali na lilikotoka. Majirani zetu wa Kenya waliziunga Land Rover katika kiwanda cha Leyland huko Thika miaka ya 1970 na baadaye. Hapa kwetu kazi ya namna hiyo ilifanyika kwa malori ya Scania, yaliyoungwa katika kiwanda cha TAMCO pale Kibaha, mkoani Pwani. Na kwa sababu hiyo hiyo, Land Rover iliyochoka inaweza kufufuliwa. Fundi hufungua kila kipande, hunyoosha palipobonyea, huondoa kutu, hupiga msasa, hupiga praima na rangi, kisha huanza kurudisha kipande kimoja kimoja mahali pake.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba rangi ikishapigwa, kilichobaki ni kufunga tu. Mafundi watakuambia kwamba kufunga vipande vilivyokwisha kupigwa rangi ndiko kunakotaka subira kuliko vyote. Kabla ya rangi, kipande kinaweza kugongwa, kusagwa au kutobolewa tena bila hasara. Baada ya rangi, spana ikiteleza mara moja tu inaacha mkwaruzo ambao kila mtu atauona. Ndiyo maana fundi mwangalifu huvipima vipande vyote mahali pake kabla ya kuvipaka rangi. Akishavipaka huviacha vikauke kwa siku kadhaa, maana rangi hukauka juu kwanza huku ndani ikiwa bado laini, na nati ikikazwa mapema huikandamiza hadi ikapasuka pembeni. Wakati wa kufunga hutandika blanketi kuukuu, huwaita watu wawili waushike mlango, naye huziingiza bolti kwa vidole, bila spana.

Katika kazi hiyo ziko kanuni mbili tunazotaka kuzishika.

Kanuni ya kwanza: hakuna nati inayokazwa mpaka kipande cha mwisho kiwe kimepata mahali pake. Ukiikaza madigadi ya kushoto kabisa, kisha ya kulia, kisha shoo ya mbele, boneti ikija itakuta mahali pake pameshaamuliwa na wengine. Itakaa upande, itasugua, itakwanguka. Zile nyingine zikiwa zimelegezwa, boneti itaingia, na kila kipande kitasogea kidogo hadi mianya ilingane. Ndipo zote hukazwa, kidogo kidogo, kwa zamu.

Kanuni ya pili: mlango ukigoma kufunga, angalia kwanza unaponing'inia. Mlango wa mbele wa Land Rover ya zamani umeshikwa kwa bawaba kwenye ule ukuta wa mbele. Ukuta huo ukiinama kidogo tu, ambako hata jicho halioni, mlango utasugua nguzo ya nyuma yake, au utaacha mwanya mpana juu na mwembamba chini. Fundi mwenye haraka huchukua tupa akausaga mlango. Fundi mwenye kujua huulegeza ukuta, akausogeza, akaweka vipande vyembamba vya bati vya kujazia, na mlango ule ule ambao ulionekana mbovu hufunga kwa kidole kimoja.

Kusafishwa na kuungwa

Kila mfano una mipaka. Rangi ya fundi hufunika tu, lakini damu ya Kristo husafisha. Hatusemi kwamba msamaha wa Mungu ni koti la juu. Tunasema kwamba kipande kusafishwa ni jambo moja, na kipande kukaa mahali pake kati ya vingine ni jambo la pili. La kwanza ni kazi ya Mungu ndani ya mtu, na kanisa hulitangaza kwa siku moja. La pili ni kazi ya watu wengi kwa siku nyingi, na hakuna tangazo linaloweza kulimaliza.

Tunapoyachanganya mambo hayo mawili ndipo tunapohukumu vibaya. Tunamwona mtu hakai, tunasema hakusafishwa. Ni sawa na kuuona mlango haufungi ukasema rangi yake ni mbaya. Huenda rangi ni nzuri kabisa, na taabu iko kwenye bawaba, kwenye nguzo, au kwenye madigadi ya jirani iliyokazwa siku nyingi ambayo hakuna anayekumbuka kuilegeza.

Hapo pia tunajifunza juu ya wakati. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, 3:6, unaonya asiwekwe katika uangalizi mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna na kuanguka. Wengine husoma onyo hilo kama adhabu. Sisi tunaliona kama siku zile za kukausha rangi. Lakini katika jambo hili tunakosea kwa pande mbili. Wapo wanaomchukua aliyerudi jana na kumzungusha kwenye mikutano ya injili, kila jioni aeleze upya uovu wake mbele ya umati, hadi anaonekana mwenye thamani kwa sababu ya dhambi zake tu. Na wapo wanaosema "asubiri kwanza" bila kutaja mwisho wa kusubiri. Kipande kilichopigwa rangi na kuachwa kimeegemezwa kwenye mti mwaka mzima huchakaa kuliko kilichofungwa garini: kuku hukirukia, watoto hukichora, mvua za masika hukinyeshea. Anayeambiwa asubiri ana haki ya kujua anasubiri nini, na ni nani atakayekuja kumwita.

Mlango unasagwa, nguzo haiguswi

Tuchukue mfano ambao kila msomaji anaufahamu. Binti wa kwaya anapata mimba kabla ya ndoa. Tumbo halifichiki, kwa hiyo kesi yake haina mjadala. Anasimamishwa, anakaa nyuma, anazaa, anatubu, anarudishwa. Huko kote mwanaume aliyeshirikiana naye hatajwi. Pengine ni kijana wa kanisa hilo hilo. Pengine ni mtu mzima anayeheshimika, ambaye siku binti anasimama mbele ya waumini yeye ameketi safu ya mbele, na mkono wake unanyooshwa pamoja na ya wengine kuonyesha kwamba amempokea.

Binti huyo akirudi kwenye mazoezi ya kwaya, kila kitu kinamwambia ajipunguze. Asiimbe sauti ya kuongoza. Asivae vile. Mtoto akilia atoke nje. Kila Jumapili anasagwa kidogo hapa na kidogo pale ili aingie kwenye nafasi iliyobaki, na nafasi yenyewe haipimwi. Siku akiacha kuja, tunaandika kwenye kitabu cha kanisa kwamba amerudi nyuma.

Hapa ndipo kanuni ya fundi inapotuhukumu. Mlango umesagwa mara tatu, na nguzo haijaguswa hata mara moja. Wanaume wamelindwa na ukimya, ukimya huo ndio nguzo iliyoinama, na mabinti watakaopachikwa kwenye nguzo hiyo watasugua mmoja baada ya mwingine. Kumpokea binti yule kwa kweli kungetaka wazee wakae chini na kuuliza swali ambalo hawakuuliza siku ya kwanza. Kungetaka nidhamu iwe moja kwa mwanamume na kwa mwanamke. Hilo ni gumu kuliko kupiga vigelegele, kwa kuwa linawataka waliokaa siku nyingi wakubali kusogea.

Ndugu mkubwa katika Luka 15 ni mfano wa nati iliyokazwa zamani. Hakufanya kosa linaloonekana. Alibaki nyumbani, alifanya kazi, hakuvunja amri. Mahali pake palikuwa pake, na mahali pa mdogo wake palikuwa pamekwisha kuzibwa moyoni mwake. Baba alikuwa amekwisha kumsafisha na kumvika yule mdogo. Karamu ilikuwa inaendelea. Lakini familia ilikuwa bado haijaungwa, na yule baba alilijua hilo, kwa sababu alitoka nje kumsihi mkubwa. Bwana wetu hakutuambia kama aliingia. Tukiusoma mfano huo kanisani tunajiweka haraka mahali pa mwana mpotevu. Wengi wetu tungefaa kujiweka pale nje, mlangoni, pamoja na yule aliyekasirika.

Waliokubali kusogea

Maandiko yanatupa watu wawili wa kuangalia.

Wa kwanza ni Barnaba. Matendo sura ya 9 inaeleza kwamba Sauli alipofika Yerusalemu alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wote walimwogopa, wasiamini kwamba naye ni mwanafunzi. Tusiwalaumu upesi. Walikuwa na sababu. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaburuta watu kutoka majumbani mwao. Sauli alikuwa amebatizwa, ametubu, amehubiri Dameski. Hapakuwa na zaidi la kumfanyia yeye. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa kati yake na wao. Barnaba alimchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza yaliyompata njiani. Aliweka jina lake jema mahali ambapo jina la Sauli halikuwa na thamani. Kwenye gari kazi hiyo inafanywa na washa, kile kipande chembamba cha duara kinachokaa kati ya nati na bodi. Hakuna anayelisifia gari kwa washa zake. Lakini nati ikikazwa juu ya rangi bila washa, rangi inapasuka. Na pale chuma kinapokutana na alumini bila kitu cha kuvitenganisha, unyevu ukiingia, alumini huliwa polepole, ingawa vyote viwili ni vizima. Kuna watu wawili wazima ambao hawawezi kugusana moja kwa moja kwa sababu ya yaliyopita, na kanisa lisilo na Barnaba litawapoteza wote wawili.

Wa pili ni Filemoni. Onesimo, mtumwa wake, alikuwa ameachana naye, naye Paulo akamzaa katika imani akiwa kifungoni. Paulo anamrudisha na barua. Barua hiyo fupi imeelekezwa kwa nani? Onesimo haandikiwi hata mstari mmoja wa kumkumbusha makosa yake. Barua yote inamlenga Filemoni, mwenye nyumba, aliyekosewa, ambaye kanisa lilikutana nyumbani kwake. Paulo anamwomba ampokee kama ndugu, wala si kama mtumwa tena, na kama kuna deni, liandikwe kwa Paulo mwenyewe. Onesimo anarudi mahali pale pale kwa mtu yule yule, lakini nyumba yenyewe lazima ibadilike ili mahali pale pamfae ndugu. Nafasi ya mtumwa haiwezi kumtosha ndugu, hata ukimsaga namna gani.

Je, tunaifumbia macho dhambi?

Msomaji anaweza kuuliza: kama ni kanisa ndilo lisogee, je, nidhamu ina maana gani? Je, kila mtu aje na upotovu wake nasi tujipinde kumfuata? Swali hilo ni la haki, na linataka majibu matatu.

La kwanza ni juu ya kutu. Kuna mafundi wanaopaka puti juu ya kutu, wakapiga msasa na rangi juu yake. Gari linang'aa siku ya kukabidhiwa, na baada ya masika mawili linaota malengelenge. Kumpokea mtu bila ukweli kusemwa ni puti juu ya kutu. Kulegeza nati zetu hakuondoi ulazima wa kukata sehemu iliyooza. Kukiri, kurudisha kilichoibiwa, kuacha uhusiano uliovunja nyumba ya mwingine, kukubali sheria za nchi pale ambapo kosa ni jinai: hayo hutangulia, na upendo hauyaruki.

La pili ni juu ya aliyeumizwa. Tunaposema waliopo wasogee, hatusemi mwathirika asogee. Mwanamke aliyepigwa na mumewe asiambiwe kwamba yeye ndiye nati iliyokaza. Mtu aliyemdhuru mtoto anaweza kusamehewa na Mungu, na bado asikabidhiwe tena darasa la shule ya Jumapili maisha yake yote. Gari huwa na mahali pengi, na kipande kilichopasuka hakifungwi tena pale panapobeba uzito wa watu. Kumtafutia mahali pengine penye heshima na usalama ni sehemu ya kumpokea. Kumrudisha palepale ili tuonekane tumesamehe ni kuwahatarisha wengine kwa ajili ya sifa yetu.

La tatu ni juu ya kukaza. Kanuni haisemi nati zibaki zimelegea. Gari lenye nati legevu, likipita barabara ya vumbi yenye matuta, litapiga kelele hadi Inyonga na kufika limepoteza vipande. Mwisho wa kazi ni kukaza: ahadi, wajibu, sadaka, zamu za usafi, nidhamu ile ile kwa wote. Tunachokataa ni kukaza kabla hatujaona kama kila mmoja amepata mahali. Kanisa lisilo na nidhamu na kanisa lililokazwa mapema yote mawili hupoteza watu, la kwanza njiani, la pili mlangoni.

Wasio na dhambi ya kutubu

Tukitaka kujua kama kasoro iko kwetu, tuangalie wale ambao hawakuwa na kosa lolote la kukiri, tuone kama wao walikaa vizuri. Mkoa wetu unao.

Mwaka 1972 mauaji yalitokea Burundi, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuja Tanzania. Serikali iliwapa ardhi Ulyankulu huko Tabora, kisha Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, maeneo mawili ambayo leo yako mkoani Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Walikata misitu, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajenga makanisa. Mwaka 2010 serikali ilikubali kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 kati yao, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Ulikuwa ukarimu ambao nchi chache duniani zimewahi kuuonyesha, na tunamshukuru Mungu kwa huo.

Hata hivyo cheti ni kazi ya siku moja. Mtoto aliyezaliwa Mishamo, na mama yake akazaliwa Mishamo, bado husikia akiitwa mkimbizi sokoni, na pengine kanisani, pale wajumbe wanapochaguliwa na mtu akanong'ona kwamba huyu si wa hapa. Huyo hatuwezi kusema hakutubu. Hakukosa kitu. Rangi yake haina dosari hata ukiitazama juani. Kama hakai vizuri, basi nguzo ndiyo tunayopaswa kuipima.

Na tukiipima kwa haki tutakumbuka kwamba sisi sote tumeungwa hapa. Mji wa Mpanda ulikua kwa machimbo ya risasi ya Mukwamba, na reli ikaletwa kutoka Kaliua kwa ajili yake. Wapimbwe, Wabende na Wakonongo waliwapokea wafanyakazi kutoka kila upande, kisha wafugaji wa Kisukuma, kisha wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Kila kundi lililofika lilikuta wengine wametangulia, na kila kundi lilipata mahali kwa sababu waliotangulia walisogea. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Waliona kwamba ujio wa mgeni unamfaa hata mwenye nyumba, akikubali kufungua.

Tutakayofanya Jumapili ijayo

Tumeuliza kasoro ya aliyeshindwa kukaa tuitafute wapi. Jibu letu ni kwamba tuanze na pale anaponing'inia, ndipo tumwangalie yeye. Tuanze hapo kwa sababu ndipo penye uwezo wetu. Moyo wake uko mikononi mwa Mungu. Benchi letu liko mikononi mwetu.

Basi, anapotangazwa mtu kurudi kundini, wazee wasimalize kikao kabla ya kujibu maswali machache. Nani atakuwa Barnaba wake, kwa jina, kwa muda wa mwaka mzima? Atakaa na nani Jumapili ya kwanza baada ya kupokelewa? Kazi yake ya zamani imeshikwa na nani, na je, kuna kazi nyingine ya heshima inayomngoja, na lini? Kama kosa lilikuwa la watu wawili, wa pili yuko wapi? Kama kuna aliyeumizwa, ameulizwa anahitaji nini ili awe salama? Na sisi waumini, kila mmoja ajiulize ni nati gani aliyoikaza: neno gani analorudia kila jina la mtu huyo linapotajwa, salamu gani ameizuia, mahali gani amepaona ni pake kwa sababu tu amepakalia muda mrefu.

Kisha tumpe muda, nasi tujipe muda. Mianya hailingani kwa kusukuma mara moja. Fundi hufunga mlango, huufungua, hulegeza, husogeza upana wa ukucha, hufunga tena, na hufanya hivyo mara nyingi bila kuona aibu, kwa kuwa anajua mlango ni mzuri na gari ni moja.